Utetezi wa Mikutano na Safari za Kazi

Mhadhara uliosomwa mjini Arusha mbele ya wenye hoteli, wasafirishaji, madiwani na wanafunzi wa utalii

Nimeombwa nizungumze juu ya utetezi wa biashara ya mikutano, ya safari za kazi na ya safari za motisha, yaani zile ambazo kampuni huwazawadia mawakala na wafanyakazi wake waliotimiza lengo. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba kazi hii ni ya halali na ina manufaa kwa watu wengi kuliko wanaoonekana mlangoni mwa hoteli. Kwamba aghalabu sisi wenyewe tumeitetea kwa hoja dhaifu. Na kwamba hoja zenye nguvu tunazo, lakini hazitatufaa mpaka tukubali kufungua daftari zetu mbele ya umma.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba mkutano hupimwa kwa jambo lililokamilika ndani yake, kabla haujapimwa kwa hesabu ya vitanda vilivyolaliwa. Sina haja ya kusafiri kutafuta ushahidi, maadamu mji huu wenyewe ni shahidi. Majengo yale tunayoyaita Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka wa 1967. Jumuiya ikavunjika mwaka wa 1977, watumishi wake wakarejea kila mmoja kwao, na majengo yakabaki hayana kazi. Serikali ingaliweza kuyagawa yawe ofisi za kawaida, wala hapana ambaye angaliilaumu. Badala yake, mwaka wa 1978, mwaka ule ule ambao nchi iliingia vitani na majeshi ya Idi Amin na fedha za kigeni zilikuwa adimu, iliunda shirika la kuyaendesha kuwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano. Naliona shauri lile kuwa miongoni mwa mashauri ya busara kupita mengi yaliyopata kuamuliwa juu ya mji huu, na nasikitika kwamba halitajwi ipasavyo.

Tazameni yaliyofuata. Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani baina ya Serikali ya Rwanda na wapiganaji wa RPF ulitiwa saini mjini humu. Mkataba ule haukuyazuia mauaji ya kimbari ya mwaka uliofuata, na mtetezi mkweli wa mikutano hana budi kulikiri hilo waziwazi, kwani ziko karatasi zenye saini zisizoweza kuushika mkono wa muuaji. Lakini ulimwengu ulipotafuta mahali pa kuwahukumu waliopanga uovu ule, ulikuja hapa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwezi wa Novemba 1994, ilifanya kazi katika kituo kile mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu. Haikupata kuwako kabla yake mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi ya mauaji ya kimbari hata ikamtia mshtakiwa hatiani kwa kosa hilo. Kadhalika mazungumzo ya amani ya Burundi, yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere hata mauti yakamfika mwezi wa Oktoba 1999, kisha yakapokewa na Nelson Mandela, yalizaa mkataba uliotiwa saini hapa tarehe 28 Agosti 2000. Na Jumuiya ile iliyokufa, ikaacha majengo yake nyuma, ilifufuliwa katika mji huu huu kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999.

Niongeze mfano mmoja wa Dar es Salaam, kwa sababu unatugusa sisi wasemaji wa lugha hii. Mwezi wa Agosti 2019 wakuu wa nchi za SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, walikutana katika ukumbi uliopewa jina la Mwalimu Nyerere, na katika kikao kile Kiswahili kikakubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwenyeji ana sauti nyumbani kwake ambayo hana ugenini. Leo kijana aliyejifunza ukalimani ana mlango wa riziki ambao haukuwapo kwa kaka yake, na mlango huo ulifunguliwa katika mkutano. Anapokuja mtu kuniuliza mikutano inazalisha nini, simtajii kwanza soda zilizonywewa. Humtajia mambo ya namna hii, halafu ndipo nikaingia katika hesabu.

Basi na tuingie katika hesabu, ambayo ni hoja yangu ya pili. Mapato ya mkutano hufika mahali ambapo mapato ya mtalii wa mbugani hayafiki, na hufika wakati ambapo mtalii hayupo. Nyote mnaujua msimu wa masika: mwezi wa Aprili na wa Mei barabara za mbugani hulowa, kambi nyingine hufungwa kabisa, magari hulazwa, na vijana wa hoteli huambiwa wapumzike nyumbani bila ya mshahara. Mjumbe wa mkutano hatishwi na mvua. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilifanya mikutano yake ya mwaka hapa Arusha katika siku za mwisho za Mei 2012, na faida ya tarehe hizo kwa mji hahitaji kufafanuliwa mtu aliyepata kuendesha nyumba ya wageni yenye vyumba vitupu wakati wa masika.

Tena mjumbe hula, hulala, husafiri kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kiasi cha kilomita hamsini, huchapishiwa kitambulisho na makabrasha, huwekewa vipaza sauti na vibanda vya wakalimani, hupambiwa ukumbi, hulindwa, hutibiwa akiugua. Nyuma ya sahani yake yuko mkulima wa mboga wa Tengeru na mchuuzi wa soko la Kilombero. Nyuma ya gari yuko fundi wa gereji. Watu hawa hawaji katika vikao vyetu, wala hawajijui kuwa ni watu wa biashara ya mikutano, na hilo ndilo pungufu letu kubwa: tumeisema biashara hii kana kwamba ni mali ya wenye hoteli peke yao, kisha tukashangaa kwamba ilipotajwa kwa ubaya hapana aliyesimama kutuombea ila wenye hoteli.

Lakini hesabu hii ina sharti lake. Mkoba wa mjumbe ukiagizwa ng'ambo ilhali mafundi cherehani wa mji wanakaa bure, maji yakaletwa kutoka nchi ya pili, na kampuni ya kusimamia mkutano ikatoka mbali na watu wake wote, basi mkutano umepita juu yetu bila kutugusa. Na liko jambo jingine linalosemwa kwa mnong'ono, nami nitalisema kwa sauti: ankara zisizolipwa. Mpishi mdogo aliyekopa mchele na mafuta ili awalishe wajumbe mia mbili, kisha akaambiwa asubiri malipo mwezi baada ya mwezi, hakunufaika na mkutano, ameukopesha. Chama kinachotaka kuitetea biashara hii mbele ya Serikali kianze kwa kuhakikisha kwamba wanachama wake wenyewe wanawalipa kwa wakati wale walio chini yao, na hapo kitakuwa na uso wa kwenda kudai kwa walio juu.

Nafika katika hoja ya tatu, nami naomba mnipe wasaa zaidi hapa, kwa kuwa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu. Wanaotulaumu wana haki katika sehemu ya lawama yao, na utetezi wetu umekuwa dhaifu kwa sababu hatukutaka kuikubali sehemu hiyo.

Nitatoa mifano miwili, wa kwanza ukiwa wa Marekani. Tarehe 16 Septemba 2008 Serikali ya nchi ile iliiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa dola bilioni 85. Haikutimia wiki mbili, kampuni tanzu ya AIG ikawapeleka wageni wake, mawakala waliouza bima zake vizuri, kwenye hoteli ya fahari ya St. Regis huko Monarch Beach, California, na gharama ikapita dola 440,000. Safari ilikuwa imepangwa zamani, na waalikwa waliistahili kwa kazi yao. Lakini jambo lilipofichuliwa mbele ya kamati ya Bunge mwanzoni mwa Oktoba, nani angalisikiliza maelezo hayo, ilhali watu wanapoteza nyumba na kazi? Mwezi wa Februari 2009, Rais Obama, akizungumza Elkhart, Indiana, alisema kwamba kampuni zinazosaidiwa kwa fedha za walipa kodi haziwezi kwenda kujistarehesha Las Vegas. Kauli ilikusudiwa kwa kampuni zilizosaidiwa, lakini hofu haichagui: hata kampuni ambazo hazikupokea senti moja zilianza kufuta mikutano, kwa kuchelea tu kuonekana, na walioumia kwanza walikuwa wapagazi, wapishi na watandika vitanda.

Wenye biashara walijibu. Chama chao cha usafiri, U.S. Travel Association, pamoja na wenzake kilianzisha mwaka ule kampeni iliyoitwa Meetings Mean Business, na mwezi wa Septemba 2009 ukatolewa uchunguzi wa Oxford Economics uliosema kwamba kila dola moja iliyotumiwa katika safari ya kazi iliiletea kampuni mapato ya dola 12.50. Mimi nawasifu kwa kujikusanya upesi, maana walikuwa vyama vingi vilivyokuwa vikishindana, wakapata sauti moja. Hata hivyo naona kwamba hesabu ile ilikuwa na kasoro ya wazi: iliwekwa mezani na wale wale ambao riziki yao ilihojiwa, nayo ilikuwa wastani wa safari zote, njema na mbaya, hali umma uliuliza juu ya safari moja mahsusi na hoteli moja mahsusi. Wastani haumjibu mtu aliyeona ankara. Na kwa kuwa swali lenyewe halikujibiwa, lilirudi: mwezi wa Aprili 2012 ikachapishwa habari ya mkutano wa idara ya Serikali iitwayo GSA, uliofanyika Las Vegas mwaka wa 2010 kwa gharama ya kiasi cha dola 823,000, mkuu wa idara akajiuzulu, na wenye biashara wakajikuta wanaanza upya kujieleza.

Mfano wa pili mnaukumbuka bila ya kukumbushwa. Mwezi wa Novemba 2015, mara baada ya kuapishwa, Rais Magufuli alizuia safari za nje za watumishi wa umma isipokuwa kwa kibali, akataka mikutano ya Serikali ifanyike katika kumbi za Serikali, na fedha zilizochangwa kwa tafrija ya Wabunge akaagiza zikanunue vitanda vya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Wananchi wengi mno walishangilia, na wenye kumbi wengi walifadhaika. Niliyasikia maneno ya pande zote mbili, na ninalosema ni hili: walioshangilia hawakuwa wajinga. Waliijua semina isiyo na swali la kujibu, inayorudiwa kila robo ya mwaka kwa wajumbe wale wale; waliijua warsha ambayo saini ya mahudhurio ndiyo kazi yake nzima, na posho ndiyo maazimio yake. Mwananchi ambaye mkewe amelala chini wodini akiisoma ankara ya tafrija haambiwi kwamba sekta inachangia uchumi.

Kosa, kwa rai yangu, lilikuwa kwamba mkutano wenye wajibu na mkutano wa posho haikutenganishwa, ikakatwa kwa panga moja. Na sisi ndio tuliostahili kuitenganisha mapema, kwa kuwa hapana aijuaye zaidi kuliko mwenye ukumbi. Meneja wa ukumbi hutambua siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne, kama watu waliokuja wamekuja kuamua jambo. Alinyamaza kwa sababu ankara zote mbili zililipwa. Napendekeza basi kwamba kila mkutano unaogharimiwa na fedha ya umma, kabla haujapewa ukumbi, uandike katika ukurasa mmoja ni swali gani litaamuliwa, ni nani ambao bila wao haliwezi kuamuliwa, na kwa nini haliamuliki kwa barua au kwa simu. Na baada ya mwaka mmoja uandikwe ukurasa wa pili, maazimio yamefika wapi. Mikutano itapungua. Itakayobaki itakuwa na ngao ambayo hatujapata kuwa nayo.

Najua nitaulizwa juu ya mikutano ya intaneti, ambayo tangu mwaka wa 2020 imekuwa desturi. Naikaribisha. Taarifa ya kawaida isomwe kwenye kioo, na nauli iokolewe. Lakini angalieni kwamba mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, uliokuwa ufanyike Kigali mwezi wa Juni 2020, uliahirishwa mara mbili kwa sababu ya maradhi, na wenyewe wakangoja mpaka Juni 2022 ili wakutane ana kwa ana, ingawa vioo walikuwa navyo. Watu wanaotaka kupatana huhitaji kutembea pamoja bustanini baada ya kikao kuharibika.

Hoja ya nne ni fupi, nayo ni juu ya safari za motisha. Hizi ni sehemu ya ujira. Desturi ya kuwashindanisha wauzaji kwa malengo na tuzo ilipata umbo lake huko Dayton, Ohio, katika kampuni ya National Cash Register chini ya John H. Patterson, na imeenea kwa kuwa mtu huikumbuka safari muda mrefu baada ya kuisahau fedha. Kampuni inayopata faida yake kwa halali ikiamua kuwaleta wauzaji wake bora Serengeti au Zanzibar, hapana wa kulaumiwa, nasi tuwapokee kwa furaha. Haramu huanzia pale ambapo fedha ni ya umma. Mawakala wale wa AIG hawakukosa. Waliokosa ni wakubwa wao, walioshindwa kutambua kwamba fedha ya kampuni ilikuwa sasa na mwenyewe mwingine.

Hoja ya tano na ya mwisho: utetezi ni kazi ya kila siku yenye ofisi na watu wake, si kelele za siku ya msiba. Detroit ilifahamu hivyo mapema. Tarehe 6 Februari 1896 mwandishi wa gazeti, Milton Carmichael, aliwashauri wafanyabiashara wa mji wake waungane kuyaalika makongamano badala ya kungoja yaje yenyewe, na wakamsikiliza. Nairobi ilijenga jumba lake la mikutano la KICC, na mwaka wa 1973 ikaupokea humo mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Lakini anayestahili kutazamwa kwa makini leo ni jirani yetu wa Kigali. Rwanda iliunda ofisi yake ya kualika mikutano mwaka wa 2014, miaka miwili kabla ya kufungua jumba lake kubwa lenye kuba. Mwezi wa Oktoba 2016 yakapitishwa pale marekebisho ya Itifaki ya Montreal yanayoitwa kwa jina la Kigali, ya kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto. Tarehe 21 Machi 2018 nchi za Afrika zikatia saini pale mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara zima. Na tangu mwanzo wa mwaka huo mgeni kutoka nchi yoyote aliweza kupata viza afikapo. Nchi isiyo na pwani imejifanyia mlango.

Sisi tuna Arusha yenye historia niliyoieleza, tuna mlima, tuna mbuga, tuna bahari. Viza moja ya utalii iliyoanzishwa mwaka wa 2014 kwa dola 100 inamruhusu mgeni kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Mwandaaji wa kongamano anayetaka wajumbe wake wakutane hapa kisha wapitie nchi jirani huipiga hesabu hiyo kabla hajatuandikia barua, na mara nyingine barua haiandikwi. Waheshimiwa madiwani, jambo hili liko juu ya uwezo wenu, lakini haliko juu ya sauti yenu.

Sasa nitazame mbele. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limekabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, na mji huu umo katika maandalizi. Wageni watakuja wengi kwa muda mfupi, na kila sekta itajisifu kwa hesabu zake. Naomba hesabu ya mikutano iwe imeanza kabla ya hapo, ili tuwe na kitu cha kulinganisha. Chama cha wenye biashara hii na kianzishe daftari moja la mji, ambamo kila mkutano utaandikwa: umekuja kwa swali gani, umelipia nini na kwa nani, wachuuzi na mafundi wangapi wa hapa wamepata kazi, wamelipwa baada ya siku ngapi, na mwaka mmoja baadaye kimetendeka nini. Daftari hilo lisitunzwe na wenye hoteli. Likabidhiwe kwa halmashauri, na wanafunzi wa chuo wapewe kazi ya kulikagua na kulichapisha, mabaya yake pamoja na mazuri. Masika yajayo yafaa kuwa mwanzo wake, kwa kuwa mikutano ya msimu huo ni michache na inahesabika, na makosa ya kuanza yatarekebishwa kabla ya msimu mkubwa. Mheshimiwa Mwenyekiti, kielelezo cha ukurasa wa daftari hilo nimekileta na kipo mezani kwa katibu. Nawaombeni mkipitie, mkikosoe, na mtu wa kwanza kuuliza swali aulize juu ya safu zake.